Raifo ya Mita Mia Nne

Raifo niliyonayo leo ni ya pili kuinunua mwenyewe. Ya kwanza sikumaliza nayo hata msimu mmoja, na nusura inipokonye mume wa dada yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakija kibandani kwangu Dunda, Bagamoyo, kuniuliza wanunue bunduki ipi, hutaka kusikia habari za mtutu na darubini, nami huwauliza kwanza: nani anakwenda kuchinja? Wengi hucheka. Wachache hununa, wakaniona mtu wa maneno mengi. Shauri yao.

Mimi ni fundi saa. Kazi yenyewe imebaki kidogo. Watu siku hizi hutazama saa kwenye simu, na wanaonijia huleta saa za mkono walizoachiwa na baba zao, au saa ya ukutani ya msikiti iliyoanza kuchelewesha adhuhuri. Kitu kilicholegea sikivumilii. Mlango ukicheza kwenye bawaba, silali mpaka niukaze. Nikishabana lenzi jichoni, dunia yote kwangu ni kigurudumu kimoja chenye meno. Mke wangu huniwekea chai mbele ya pua, nikaja kuikuta imepoa na kufanya utando. Husema siku moja nyumba itaungua nami nitakuwa nimeinama, nakaza skrubu. Simbishii.

Uwindaji nilirithi kwa baba, pamoja na bunduki yake ya zamani. Tulikuwa tukienda wawili, mimi na shemeji. Yeye amenizidi miaka mingi, na tangu alipomwoa dada yangu mkubwa nampa shikamoo kama kaka. Utaratibu wetu ni ule wa watu wa pwani wanaowinda: mmoja anapiga, mmoja anachinja. Mchinjaji hukaa kushoto, nyuma ya bega la mpigaji, kisu kiunoni, viatu amevua. Bunduki ikilia, yeye keshaondoka. Inampasa amkute mnyama angali na roho, amwelekeze kibla, ataje jina la Mungu, apitishe kisu. Akimkuta amekata roho, kwetu huyo ni mzoga.

Shemeji hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Watu wa mtaani wakipelekewa nyama hawakuuliza nani kapiga, waliuliza nani kachinja, na wakisikia ni yeye walikwenda kuinjika sufuria. Nakiri nilikuwa naona kijiwivu. Mimi ndiye niliyelenga, yeye ndiye aliyeombewa dua.

Kisha mwaka mmoja, nilipokwenda polisi kuhuisha kibali, afande anayehusika na silaha akalichezesha lile komeo la bunduki ya baba, chuma kile unachokivuta nyuma kutoa ganda na kusukuma mbele kuingiza risasi. Lilikuwa likicheza kama jino bovu. Akaniambia, "Mzee wangu, hii siku moja itarudi usoni kwako. Itafutie mwenzake." Nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa najidanganya tu kwa kuwa ilikuwa ya baba.

Nikaandika barua, nikapita mtaani, kata, polisi, wilayani, na zilipokamilika karatasi zote nikaenda Dar kwenye duka moja la silaha katikati ya mji. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa huku huku pwani, na Kiswahili chake kilinipita mimi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza naishi na nini. Nikamwambia saa. Akatabasamu, akatandika kitambaa cha kijani juu ya kaunta, akaweka raifo mbili za komeo.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, mtutu mwembamba, kitako cha mbao, na darubini ndogo inayokuza kidogo tu. Ya pili ilikuwa na mtutu mnene usioguswa na mbao popote; alichukua kipande cha karatasi akakipitisha kati ya mtutu na kitako, kikateleza kutoka mwanzo hadi mwisho. "Mtutu huu hausukumwi na kitu," akasema. "Jua likipasha mbao, mvua ikiivimbisha, risasi itakwenda pale pale." Zote mbili zilikuwa za risasi za 308, kwa sababu alisema bunduki yoyote ni gogo tu kama risasi zake huzipati. Akanifundisha kulisikiliza komeo linavyoteleza, likikwaruza usilichukue. Akanifundisha kuijaribu triga ikiwa tupu: isivutike vutike kama mpira, ikatike mara moja kama kijiti kikavu. Ya ile nzito ilikatika hata kabla sijajua kuwa nimeivuta.

Halafu darubini yake. Ilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha, na kila hatua vilitoa mlio mdogo, ti, ti, ti, kila mlio sawa na mwenzake. Jamani, mimi ni fundi saa. Nilisikia mlio ule nikawa nimekwisha.

Akaifungua darubini peke yake, akanipa, akaniambia nisimame mlangoni nitazame mwisho wa barabara. Nikatazama. Kulikuwa na mwanamke barazani kwake, mbali kiasi kwamba kwa macho matupu alikuwa alama tu ya rangi ya machungwa. Ndani ya kioo nikaona uzi uliochomoza kwenye pindo la kanga yake. Nikaona kidonda kidogo pembeni mwa mdomo. Alikuwa anacheka, kichwa kimerudi nyuma, meno yote nje, na sauti haikuwapo. Sijui kwa nini jambo lile lilinitia baridi. Nilihisi nimeingia nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi, nimesimama chumbani kwake, naye hajui.

Niliporudi kaunta mzee akaniuliza, "Unataka kupiga umbali gani, fundi?"

"Hii inafika wapi?"

"Sikukuuliza inafika wapi. Wewe unawinda kwa namna gani?"

Nikamweleza habari za shemeji na kisu. Akaisukuma ile nyepesi mbele yangu. Nikamwuliza sababu. Akasema, "Ile nzito ni ya mtu aliyelala chini, peke yake, mwenye saa nzima ya kungoja. Itakuonyesha kitu kidogo kikubwa sana, na itakuficha vingine vyote. Ninyi mko wawili."

Nilimsikia vizuri. Nikachukua nzito.

Dada yangu aliposikia kuwa inafika mita mia nne, hakuuliza habari ya mtutu. Alikuwa anakuna nazi barazani, mbuzi imekaa vizuri chini yake, akaniuliza bila kuinua macho, "Mita mia nne ni kutoka hapa mpaka wapi?"

"Labda mpaka kule sokoni, dada."

"Basi nikisikia mlio wa bunduki yako, mume wangu atoke mbio hapa mpaka sokoni, na goti lake lile bovu, na mnyama amngoje."

"Mwalimu wa madrasa anasema ukitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua, wako wanazuoni wanaoona inatosha."

"Mwalimu anasema wako. Muulize mume wangu kama yumo." Akakung'uta kifuu. "Mdogo wangu, mimi nyama siitaki hivyo. Mimi namtaka huyu arudi na miguu yake. Umenisikia?"

Shemeji alikuwa ndani, na kuta za nyumba zetu mnazijua. Akatoka akasema, "Nani kasema sifiki?" Kuanzia asubuhi ya pili, baada ya sala ya alfajiri, akawa anakimbia ufukweni, mtu wa miaka hamsini na kitu amekunja suruali, na wauza samaki wakimtania kama anakwenda jeshini. Mimi nilicheka pamoja nao. Nikifikiria leo natamani kujichapa kofi.

Bunduki ilikuwa kweli kweli. Uwanjani, kwenye karatasi ya shabaha, nilipiga risasi tatu kwa mita mia, na matundu yote matatu yakafunikwa na sarafu moja ya shilingi mia mbili. Nikasogea mbali, nikazungusha kifundo, ti, ti, na risasi zikaenda nilikoambia. Nilirudi Bagamoyo nikijiona kijana. Niliiweka karatasi ile kibandani, ukutani, karibu na leseni ya biashara.

Msimu ulipofunguliwa tukalipia leseni ya kongoni wawili, tukaazima pikapu, tukatoka. Eneo letu la wazi la kuwindia liko bara, ukishapita Msata ukaacha lami. Tulilala kwa askari wa wanyamapori aliyepangiwa kutusimamia, Mkwere mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mkimya, asiyependa bunduki yoyote. Aliitazama yangu, akauliza, "Hii mnampiga mnyama au mnampigia simu?"

Siku ya kwanza tulipata kundi mbugani, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Mita mia tatu na kitu. Shemeji alikaa kushoto, nyuma ya bega langu, kama desturi. Nilijilaza, nikaegemeza mtutu kwenye miguu yake miwili ya chuma, nikamchagua jike mmoja pembeni, nikasema bismillahi, nikagusa triga.

Sasa sikilizeni. Kwa bunduki ya baba, ukipiga, pori zima huruka. Ndege, wanyama, vumbi, makelele. Siku ile yule jike aliketi chini kama aliyechoka, na wenzake hawakukimbia. Walimtazama. Mmoja akamsogelea, akamnusa shingoni, akaendelea kula majani pembeni yake. Mlio wenyewe uliwafanya wainue vichwa tu, wakatazama upande usio wetu. Hawakujua kifo kimetoka wapi, wala hawakujua kwamba ni kifo. Niliwaangalia kwa darubini, wamesimama kwa utulivu ule, nami nywele za shingo zikanisimama.

Shemeji alikuwa njiani. Nilimwona akiingia ndani ya kile kioo kutoka pembeni, mdogo, anachechemea. Nusu ya njia goti likamwangusha. Akainuka, akaenda, na hapo ndipo kundi likakimbia. Alipofika alisimama na kisu mkononi, akabaki amesimama. Sisi tukafika. Macho ya yule kongoni yalikuwa wazi na sisimizi walikuwa wameshayaanza. Shemeji alikuwa ameshamjaribu shingoni. Damu haikuruka, ilivuja tu kidogo, nyeusi.

"Amekwenda," akasema.

Nikarudia yale ya mwalimu na wanazuoni. Akasafisha kisu kwa majani, mara nyingi kuliko kilivyohitaji. Nyama ile tukampa askari na majirani zake wasiokuwa na shida na jambo hilo, wakashukuru sana, na kila shukrani ilimkata shemeji maini. Tukarudi kijijini. Nilipomsindikiza kwenye mkeka wake aliniambia neno moja tu: "Mtu wa kuchinja asipochinja, anakwenda porini kufanya nini?"

Nilipaswa kuifunga bunduki ile siku ile ile. Badala yake nililala nikifikiria upepo.

Kulikuwa na dume mmoja tuliyemwona siku ile ile. Kongoni dume huwa na tabia ya kupanda juu ya kichuguu na kusimama mlinzi, saa nzima, na huyu alikuwa na kichuguu chake anachorudia, chekundu, katikati ya nyasi zilizofika magotini. Sote watatu tulikiona. Asubuhi, baada ya kuswali, shemeji akala muhogo kidogo akainuka kabla yetu. "Mimi natangulia," akasema. "Mtaniona."

Nikaelewa anatangulia mahali petu, kule kwenye mikoche michache iliyo kushoto kwa pale nitakapolala. Pengine nisingeweza kuelewa vingine. Miaka yote mchinjaji yuko kushoto.

Mimi na askari tulizunguka kwa kufuata upepo, tukafika kama saa nne, jua limeshapanda. Nilipojilaza nilitazama mikoche kwa macho yangu haya. Kulikuwa na kitu cheupe kimekaa chini ya mti wa kwanza, kadiri ya kofia. Nikainua mkono. Kile cheupe kikainama kidogo, kama mtu anayeitikia. Nikaridhika, nikafumba jicho la kushoto, nikaingia kwenye kioo.

Mita mia tatu na themanini. Dume alikuwa juu ya kichuguu, ubavu wote wazi. Lakini mazigazi yalikuwa yameanza, ile mivuke ya joto inayopanda kutoka kwenye udongo mweusi na kuifanya dunia itikisike kama iliyo chini ya maji. Kichuguu kilikuwa kinaelea. Dume alikuwa anarefuka na kufupika, pembe zinakatika kichwani na kujiunga tena. Nilikuwa nimewahi kuona mazigazi barabarani kama kila mtu. Kuyaona kwa ukaribu ule, kimya, jicho moja, ni jambo jingine. Nilijisikia natazama kitu ambacho hakikukusudiwa kiumbe.

Ndipo nikaona mguu wa tano.

Ulichomoza chini, mbele ya miguu ya mbele ya yule dume, mwembamba, mweusi, ukasimama wima, ukayumba, ukatoweka. Nikaondoa kidole kwenye triga. Nikamnong'oneza askari, "Unaona nini pale?"

Akatazama kwa macho matupu. "Kongoni."

"Wangapi?"

"Mmoja, mzee. Peke yake."

Nikarudi kwenye kioo. Miguu minne. Nikapumua, nikaanza kugusa triga, ukachomoza tena. Safari hii ulikaa muda, ukapinda juu kama unaoniita. Mwili wangu wote ulikuwa unakataa. Nasema kweli, niliogopa, mchana kweupe, mwenzangu kando yangu. Lakini nilijua nina darubini nzuri na nilijua mazigazi ni nini, na mtu anayejua vitu viwili huwa hasikii cha tatu. Nikangoja. Ukachomoza mara ya tatu, ukazama. Upepo mdogo ukapita, picha ikatulia kwa muda wa kufumba na kufumbua. Nikafikiri mazigazi yananipandishia shabaha, nikashusha msalaba wa darubini chini kidogo, karibu na kifua. Nikasema bismillahi.

Dume akaporomoka upande wa huku. Na kutoka chini ya kichuguu akainuka mtu.

Nilimwona wazi kuliko ninavyokuona wewe unayesoma. Hakuwa na kofia. Alikuwa amevua shati, mgongo umejaa udongo, na kabla mlio wa bunduki haujarudi kutoka vilimani alikuwa ameshamshika mnyama pembe na kumgeuzia kibla. Niliona midomo yake ikitaja. Niliona damu ikiruka, nyekundu, nyingi. Yote haya bila sauti. Askari alisema kitu kwa Kikwere ambacho sikukielewa, akakaa chini.

Sikumbuki kukimbia, ila nakumbuka nilivyofika, bunduki nimeiacha kule kule. Chini ya kile kichuguu, upande wa kwetu, kulikuwa na shimo la muhanga, yule mnyama anayechimba usiku kutafuta mchwa. Alikuwa ameingia humo tangu asubuhi, kichwa tu na mkono nje, na dume akaja akasimama juu yake, hatua nne. Alikuwa anacheka. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka.

"Nimemuwahi!" akasema. "Roho yote imo! Umeona damu? Shemeji, wewe ni mwanamume. Risasi yako niliisikia ikipita hapa," akaonyesha juu ya utosi wake, si zaidi ya shubiri mbili, "halafu ndiyo nikasikia bunduki. Sikutikisika hata kidogo. Ningetikisika vipi, na wewe unanitazama?"

Nikautazama utosi wake.

"Kioo chako kilikuwa kinamulika," akaendelea. "Kilipomulika mara ya kwanza nikakupungia, ukangoja. Mara ya pili nikakupungia, ukangoja. Ya tatu nikasema, sasa tumeelewana, nikainama."

"Shemeji," nikasema. "Mimi sikukuona."

"Hukuniona vipi? Bunduki inaona sarafu."

"Niliona mguu. Nilidhani ni wa mnyama. Nilikuwa nangoja mazigazi yatulie."

Akautazama mkono wake, ule wa kulia, umejaa damu mpaka kwenye kiwiko, akaugeuza huku na huku. Kicheko kilikuwa bado usoni, kimebaki peke yake. Nilimwambia na habari ya kile kitu cheupe kwenye mikoche, kwamba nilikiinulia mkono na kikaitikia. Wakati wa kurudi tulipita pale makusudi. Hapakuwa na kitu. Askari alisema labda ni yangeyange, yule ndege mweupe. Shemeji alizunguka ule mti mara mbili, halafu akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Kwa hiyo mimi nilikuwa nampungia nani?"

Garini aliniomba dada yangu asijue. Nikamwahidi.

Ijumaa, baada ya sala, dada alipika pilau kwa ile nyama. Nyumba ilijaa watoto na wajukuu. Shemeji alikuwa amerudia hali yake. Wageni walimsifu kwa kuchinja, naye akiitikia kwa kuinamisha kichwa kama zamani. Dada akaniongezea wali, akanipiga bega. "Haya, nimekubali, bunduki yenu nzuri. Mume wangu amefika bila kulalamika goti. Mwezi ujao tuna hitima ya mama, mkaniletee mwingine."

"Tutakwenda," shemeji akasema. Kisha akanigeukia, akashusha sauti akidhani hasikiki. "Safari hii nitafunga kitambaa chekundu mkononi. Utaniona."

Nikaweka kijiko chini. Alikuwa amekwisha kupanga. Alikuwa anakwenda kulala tena chini ya mdomo wa bunduki yangu, kwa furaha, kwa sababu pale ndipo palipombakia pa kuwa mtu. Na mimi ningelala tena kule mbali, jicho moja, nikisikiliza vifundo vyangu.

"Dada," nikasema, kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka. "Mumeo alikuwa mbele ya bunduki. Risasi ilipita juu ya kichwa chake. Mimi sikujua kama yupo."

Shemeji akanitazama kwa macho ambayo mpaka leo hajanitazama nayo tena, na sitaki anitazame. Nilingoja dada anitukane. Anajua kutukana, na nilikuwa nimestahili. Aliuweka upawa chini, akafuta mikono kwenye kanga, akamwendea mumewe pale alipoketi. Akamvua kofia. Akaanza kumpapasa kichwa, polepole, nywele kwa nywele, nyuma ya masikio, shingoni, mabegani, kama anavyopapaswa mtoto aliyeanguka kutoka mtini, mbele ya wageni wote na wajukuu. Alipomaliza akaanza upya. Shemeji, mtu wa haya kuliko wote ninaowajua, aliketi akamwacha, na pilau ikapoa.